Mwizi wa Mguu

Kuna wezi wa kila namna katika hadithi: wa ng'ombe, wa kura, wa waume za watu. Lakini mwizi aliyeondoka na mguu wa mtu nimekutana naye mara moja tu. Anaitwa Manley Pointer, au tuseme hilo ndilo jina analotumia akiwa eneo hilo. Ana miaka 19, anauza Biblia nyumba hadi nyumba, na uso wake ni wa kijana ambaye mama yako angemwongezea chakula bila kuulizwa. Jumamosi moja anapanda na mwanamke wa miaka 32 hadi kwenye dari ya ghala la nyasi. Anambembeleza mpaka anakubali kuvuliwa mguu wake wa mti. Anautia kwenye mkoba wa Biblia, anashuka ngazi, anaenda zake. Mwanamke anabaki kule juu bila mguu na bila miwani.

Hadithi yenyewe ni "Good Country People" ya Flannery O'Connor, iliyotoka mwaka 1955 katika mkusanyiko wake A Good Man Is Hard to Find. Ukilitafsiri jina lake unapata kitu kama "Watu Wema wa Mashambani", na ukifika mwisho unagundua kwamba kila neno katika jina hilo lina walakini.

Nimeijadili na marafiki wengi, na huwa wanagawanyika makundi mawili. Kuna wanaocheka. Wanasema huyo dada alijiona sana, alikuwa mjuaji, akakutana na mjuaji mwenzake. Halafu kuna wanaonyamaza, ambao mara nyingi ni wanawake, na swali lao huja baadaye kwa sauti ya chini: sasa yeye alishukaje? Mimi nataka kukaa na swali hilo la pili. Nadhani kicheko cha kundi la kwanza ni mtego ambao O'Connor alitutegea makusudi, na nadhani pia kuna mahali ambapo yeye mwenyewe alicheka kupita kiasi.

Tuanze na nyumba ile. Ni shamba huko Georgia, kusini mwa Marekani, miaka ya 1950. Mwenye shamba ni Bi. Hopewell, mwanamke aliyeachana na mumewe zamani na anayeendesha mambo yake kwa misemo mitatu minne ya kujiliwaza: hakuna kilicho kamili, maisha ndiyo hayo, kila mtu na maoni yake. Anaye bintiye aitwaye Joy, yaani Furaha, ambaye hana hata chembe ya furaha. Joy alipoteza mguu akiwa na miaka kumi, katika ajali ya bunduki kwenye safari ya uwindaji. Ana ugonjwa wa moyo, na madaktari wamesema kwamba hata akitunzwa vizuri huenda asiishi kupita miaka 45. Ana shahada ya uzamifu katika falsafa. Kama si moyo wake, angekuwa mbali sana na shamba hilo, akifundisha watu wanaoelewa anachosema. Badala yake yuko jikoni kwa mamake, amevaa sketi ya miaka sita na fulana nzito ya manjano yenye picha iliyofifia ya mchunga ng'ombe juu ya farasi, akibamiza mguu wake sakafuni kwa kelele ambayo si ya lazima.

Alipofika umri wa miaka 21 alienda akabadilisha jina kisheria. Akachagua Hulga, kwa sababu lilikuwa jina baya kuliko yote aliyoweza kulifikiria. Walimu wetu wa fasihi wangetuambia hapo tuandike "majazi", na tungepata alama. Hopewell anatumaini mema. Freeman, mke wa mfanyakazi wao, ni mtu huru kweli, kwa sababu yeye ndiye pekee asiyejidanganya. Lakini Hulga ni majazi ya aina yake. Wahusika wengine walipewa majina na mwandishi, ilhali yeye alijibatiza mwenyewe. Ni kama alisema: ikiwa mnataka kuniangalia, basi nitachagua mimi mtakachokiona.

O'Connor aliyajua maisha haya kutoka ndani. Alizaliwa Savannah, Georgia, mwaka 1925. Alienda Iowa kusomea uandishi, akaanza kujijengea maisha mbali na nyumbani. Kisha ugonjwa wa lupus, uleule uliomuua babake, ukamrudisha Georgia, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa lililoendeshwa na mamake nje ya mji wa Milledgeville. Aliishi hapo akiandika na kufuga tausi hadi alipofariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Kwa hivyo tunapokutana na msomi mgonjwa aliyekwama kwa mamake, tujue mwandishi hakuwa akichungulia dirisha la jirani.

Sasa, kijana wa Biblia anapiga hodi. Mkoba wake ni mzito kiasi cha kumwinamisha upande mmoja. Anamsalimia Bi. Hopewell kwa jina lisilo lake, kwa sababu amelisoma kwenye sanduku la barua, kumbe hilo ni jina la shamba. Kosa dogo la kuchekesha. Nani ataogopa mtu anayekosea hivyo? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapa kuna kitabu kitakatifu kinachotembezwa mlango kwa mlango. Methali ingetosha kumtahadharisha mama wa watu. Lakini angalia kinachotokea. Kijana anauliza mbona haoni Biblia sebuleni. Bi. Hopewell, badala ya kusema ukweli, anajibu kwamba Biblia yake iko kando ya kitanda chake. Iko mahali fulani juu ya dari ya nyumba, imesahaulika.

Uongo wa kwanza mlangoni, basi, unasemwa na mwenye nyumba, kwa sababu anataka kuonekana mwema mbele ya mtu anayemwona mnyonge. Tunasoma hadithi hii tukimkodolea macho tapeli, halafu mama mwenye heshima zake anatupita hivi hivi.

Kisha kijana anatoa karata yake kubwa. Analalamika kwamba watu siku hizi hawataki kuhangaika na watu wa mashambani kama yeye. Bi. Hopewell anashtuka. Watu wema wa mashambani? Hao ndio chumvi ya dunia! Kuanzia hapo amekwisha. Kijana anaongeza kwamba babake aliangukiwa na mti yeye akiwa na miaka minane, na kwamba ana ugonjwa wa moyo, huenda asiishi sana. Macho ya Bi. Hopewell yanajaa machozi, maana hiyo ndiyo hali ya bintiye. Anamkaribisha chakula. Anakaa zaidi ya saa mbili.

Kama ungeniuliza Manley Pointer ni bingwa wa nini, nisingesema ni wa kudanganya. Uongo wake ni wa kawaida sana. Ubingwa wake ni kusikiliza. Anaingia nyumbani mwa mtu, anatafuta sentensi ambayo mtu huyo ameshaiandika kichwani kuhusu watu kama yeye, kisha anaisoma kwa sauti. Bi. Hopewell ana sentensi yake: watu wa mashambani ni wema na ni rahisi kuwaelewa. Kijana anamrudishia tu mali yake.

Na sentensi hiyo sisi tunaijua. Hapa Nairobi tunaisema kila tunapotafuta msichana wa kazi na kuagiza atoke ushago, "ambaye hajaharibika". Tunaisema tukimsifu mlinzi wa lango kwamba ni mtu mnyenyekevu, hana maneno. Ni sifa inayofanana na heshima, lakini ndani yake mna dharau iliyojikunja kama nyoka kwenye kapu. Maana yake ni kwamba huyu hana akili ya kutosha kunidhuru. Bi. Hopewell hajawahi kumheshimu mtu wa mashambani hata mmoja. Amewapanga tu kwenye rafu: wema huku, takataka kule. Manley anajua rafu ilipo na anajiweka mwenyewe mahali panapofaa.

Hulga naye anaamini yuko juu ya haya yote. Anamdharau mamake kwa kutoangalia ndani ya nafsi yake. Anasoma vitabu ambavyo mamake, akikifungua kimoja, anakutana na mistari kuhusu Hakuna, yaani kule kutokuwepo kwa chochote, na inamshtua kama uganga mbaya. Hulga haamini Mungu. Anaamini kwamba ameuondoa utaji na kuona kwamba nyuma yake hamna kitu. Usiku kabla ya kukutana na kijana, analala akipanga jinsi atakavyomtongoza. Anawaza kwamba kijana atajuta baadaye, na yeye, kwa hekima yake, atayachukua majuto hayo na kuyageuza kuwa ufahamu wa maisha. Ni kama mhadhara, ila mwanafunzi ni mmoja na hajui amesajiliwa.

Hapa ndipo wanaocheka hupata chakula chao. Na kweli kuna mengi ya kuchekesha. Hulga hana manukato, kwa hivyo anajipaka dawa ya mafua kwenye kola kabla ya kwenda deti. Kijana alipomuuliza kama amewahi kula kuku wa siku mbili, alilitafakari swali hilo kama lililoulizwa kwenye kongamano la wanafalsafa, kisha akajibu ndiyo. Aliulizwa umri akasema miaka 17. Ni mwanamke mzima ambaye hajawahi kubusiwa, amejiandaa kwa mapenzi kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, na sehemu kubwa ya ucheshi wa O'Connor iko hapo.

Lakini wapandapo ngazi, jambo linabadilika. Kijana anamvua miwani na kuitia mfukoni mwake. Hulga haoni vizuri tena na hata hatambui. Anambusu, anamtaka aseme kwamba anampenda. Hulga anazunguka, anaeleza kwamba hilo si neno analolitumia, kwamba yeye hana ndoto za bure. Kijana hataki falsafa, anataka neno. Mwishowe analipata. Halafu Hulga, akiona kwamba haifai kuwe na udanganyifu kati yao, anaamua kusema kweli. Anamwambia kwamba ana miaka 30 na shahada kadhaa.

Rudi nyuma kidogo. Hulga ana miaka 32. Hata pale anapokiri, katika saa pekee ya ukweli maishani mwake, anapunguza miaka miwili. Ukisoma haraka utaipita sentensi hiyo bila kuiona. Kwangu mimi ndiyo inayomfanya Hulga kuwa mtu kamili. Mwanafalsafa asiyeamini kitu chochote bado anajali kama kijana atamwona mzee. Hicho si kiburi tena. Ni woga wa kawaida, ule tulio nao wote tukijaza sehemu ya umri kwenye programu za kutafuta wachumba.

Kisha kijana anaomba kuona mahali mguu unapoungana na mwili. Hulga anashtuka. O'Connor anatuambia kwamba mguu huo Hulga anautunza kama wengine wanavyozitunza nafsi zao, faraghani, karibu macho yake mwenyewe yakiwa yameepushwa. Hakuna anayeugusa ila yeye. Anamuuliza kijana kwa nini anataka kuuona, naye anajibu kwamba mguu huo ndio unaomfanya awe tofauti na kila mtu. Hulga anaguswa. Anafikiri kwamba kwa mara ya kwanza maishani yuko mbele ya moyo usio na hila, uliomgundua alivyo. Anakubali. Kwa dakika chache anawaza hata jinsi wanavyoweza kutoroka pamoja, na jinsi kila usiku kijana atakavyouvua mguu na kila asubuhi kuurudisha.

Mkoba unafunguliwa. Biblia ni mbili tu. Mojawapo imechimbwa ndani, mna chupa ndogo ya wiski, karata zenye picha chafu na kiboksi cha kondomu. Hulga, ambaye sasa mguu wake umewekwa asikoweza kuufikia, anauliza swali ambalo nikilisoma huwa nafunga kitabu kwa muda. Anamuuliza kama yeye si mmojawapo wa watu wema wa mashambani.

Ni maneno ya mamake! Msemo ambao Hulga ameucheka miaka yote, ndio unaomtoka kinywani anapokuwa hatarini. Kule darini, elimu na Hakuna yake vimemwacha, na kilichobaki mkononi ni rafu ya mamake, wema huku na takataka kule. Ikiwa kuna kinaya kimoja cha kukumbuka katika hadithi nzima, ni hicho. Alipomwona kijana ni mjinga, hakumwona kwa macho ya falsafa. Alimwona kwa macho ya mwenye shamba.

Tunayo methali nzuri kwamba mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. O'Connor anaizidi ukali. Katika hadithi yake mjinga hakuerevuka, kwa sababu hakuwahi kuwa mjinga. Manley anamwambia waziwazi kwamba yeye hakuhitaji shule ili asiamini chochote, amekuwa hivyo tangu azaliwe. Anajisifu kwamba aliwahi kuondoka na jicho la kioo la mwanamke mwingine kwa njia hiyohiyo, na kwamba Pointer si jina lake. Kisha anashuka.

Nimejiuliza sana kwa nini simfurahii Manley kama nilivyomfurahia Sungura nilipokuwa mtoto, au Abunuwasi. Sisi ni watu tuliolelewa na hadithi za walaghai. Tulimpenda Sungura akimwingiza Fisi mjini, tukampenda Abunuwasi akimwacha sultani mdomo wazi. Tofauti ni kwamba walaghai wetu wanawalaghai wenye nguvu, na wanachokipata wanakihitaji: chakula, uhai, kicheko mbele ya mkubwa. Manley ana miguu yake miwili. Mguu wa mti hataula wala hatauvaa. Anauchukua kwa sababu ni kitu ambacho mtu hawezi kukaa bila, na raha yake iko hapo. Bi. Hopewell mwenye shamba alimwachia na pochi yake na ng'ombe wake. Akamchagua aliye dhaifu zaidi katika nyumba ile.

Ndiyo maana siwezi kukubali usomaji wa kwamba walidanganyana wakawa sare. Ni kweli Hulga alidanganya kuhusu umri. Ni kweli alipanga kumpotosha kijana. Lakini uongo una uzito, na njia moja ya kuupima ni kuuliza nani anaweza kushuka ngazi baada ya kila kitu kujulikana.

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Miaka kadhaa iliyopita aliuziwa ploti isiyokuwepo na bwana mmoja mpole mwenye suti ya kijivu. Bwana huyo alikuja nyumbani mara tatu, na kila mara aliombea chakula kabla ya kula, tena si ombi fupi. Alimwita shangazi "mwalimu" kwa heshima iliyomrudisha darasani. Pesa zilipotea. Lakini shangazi hazungumzii pesa. Anachokizungumzia ni jinsi jamaa na majirani walivyokuja kumpa pole, na kila mmoja, akiinuka kuondoka, akaacha sentensi ileile: na ulivyosoma hivyo! Kana kwamba shahada ni kufuli. Kana kwamba aliyeibiwa ndiye aliyefeli mtihani. Kuhusu yule bwana hakuna aliyesema alifeli nini. Walimtaja kwa namna ya mshangao, karibu ya kumsifu: lakini huyo jamaa ni moto.

Nikisoma "Good Country People" nasikia majirani wale. Hadithi imejengwa ili tuseme sentensi hiyo. Ukiwa umesomea shule zetu, mkono wako unaanza kuandika wenyewe: sifa za Hulga, moja, ni mwenye kiburi, mbili, ni msomi, tatu, ni mwepesi wa kudanganyika, toa mifano. Tumefundishwa kuwasoma wahusika kwa orodha. Na O'Connor ametuwekea hadithi ambamo kila aliyemsoma mwenzake kwa orodha ameumia. Bi. Hopewell ana orodha yake, Hulga ana yake, na msomaji akimaliza na kusema "alijitakia, alikuwa na kiburi", amejiunga nao. Kichwani mwangu hilo ndilo jambo lililoandikwa kwa ustadi mkubwa kuliko hata wizi wenyewe.

Mahali ninapoachana na O'Connor ni hapa. Yeye alikuwa Mkatoliki wa dhati, na katika hadithi zake neema huja kwa kishindo: kwa risasi, kwa pembe za fahali, kwa tusi kutoka kwa mtu usiyemtarajia. Mtu huvunjwa ili afunguke. Aliwahi kueleza kwamba hakujua muuza Biblia angeiba mguu mpaka alipobakiza mistari kumi au kumi na miwili hivi, na kwamba alipojua, aliona haingewezekana vinginevyo. Wanaomsoma kwa imani yake husema Hulga ameporwa sanamu aliyoiabudu, na sasa, akiwa hana mguu wala miwani, huenda ataona kwa mara ya kwanza.

Naielewa hoja hiyo na naona jinsi inavyoshikamana. Ila nauliza: kwa nini somo hili linahitaji mwili wa mwanamke mlemavu? Kiburi cha Bi. Hopewell ni kikubwa kuliko cha bintiye, na yeye anabaki shambani akiwa na kila kitu chake, hata utulivu wake. Anayetozwa ni yule ambaye tayari alishapoteza mguu mara moja. Na zaidi ya hapo, sioni kwamba alichokifanya Hulga kule darini kilihitaji kuvunjwa. Kabla mkoba haujafunguliwa, alikuwa ameshafunguka. Alishamkabidhi mtu mwingine kitu ambacho hakuwahi kumwonyesha yeyote. Ikiwa neema ipo katika hadithi hii, mimi naiona katika dakika hiyo, sio katika wizi uliofuata. Alimwamini asiyestahili, ndiyo. Lakini kuamini kwenyewe kulikuwa tendo la ujasiri kuliko yote aliyoyafanya tangu abadilishe jina. Aibu ya siku ile ilishuka ngazi pamoja na mkoba.

Tena tusimsome O'Connor kana kwamba yeye alikuwa nje ya rafu hizo za kuwapanga watu. Huyu ni mwandishi wa Georgia ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1959 alikataa kukutana na James Baldwin huko Georgia, ingawa alikiri kwamba New York ingewezekana, na barua zake zina maneno kuhusu watu Weusi ambayo hayasomeki bila kukunja uso. Mwaka 2020 mjadala huo uliwaka upya, na chuo kikuu cha Loyola, Maryland, kikaliondoa jina lake kwenye bweni la wanafunzi. Sisemi tumtupe. Nasema kwamba aliyeweza kuona kwa ukali hivyo jinsi Wazungu wa shamba moja wanavyopangana kwa madaraja, naye alikuwa na rafu ambayo hakuivunja. Inanisaidia kumsoma bila kupiga magoti. Na inanionya kwamba kuijua hila ya kuwapanga watu si kinga dhidi yake. Hulga angetuambia hivyo, kama kungekuwa na mtu wa kumletea ngazi.

Kwa sababu hadithi haituambii alivyoshuka. Badala yake inatupeleka kondeni, ambako Bi. Hopewell na Bi. Freeman wanang'oa vitunguu. Wanamwona kijana akitokea msituni, akikatiza malisho kuelekea barabarani na mkoba wake. Bi. Hopewell anasema kijana huyo alikuwa mtu asiye na makuu, na kwamba labda dunia ingekuwa bora kama sote tungekuwa hivyo. Mguu wa bintiye unapita mbele ya macho yake, ndani ya mkoba, na yeye anausifia upole wa aliyeubeba.

Neno la mwisho ni la Bi. Freeman. Huyu ndiye mwanamke aliyeajiriwa pamoja na onyo kwamba ni mdaku asiye na kifani, mpenzi wa habari za magonjwa ya siri na maungo yenye kasoro, ambaye mguu wa Hulga ulimvutia tangu zamani. Anamtazama kijana mpaka anapotoweka. Kisha anarudi kwenye kitunguu chake kinachonuka na kusema kwamba kuna watu ambao hawawezi kuwa wepesi hivyo, na yeye ni mmoja wao.

Je, amejua? Sidhani anajua kilichotokea, ila amenusa kitu. Manley anakusanya viungo vya watu mkobani, naye anavikusanya mdomoni, na mkusanyaji humtambua mwenzake. Hatapiga kelele. Hataacha vitunguu. Kesho asubuhi atakuwa jikoni kwa Bi. Hopewell kama kawaida, ameegemea mahali, akisubiri kusimuliwa.

Na ghalani kuna mwanamke anayepaswa kuamua kama ataita, na kama ataita, aite jina la nani. Kuita ni kukiri mbele ya mamake kila kitu: kijana, dari, mguu, busu. Kutoita ni kungoja giza. Sijawahi kusoma hadithi nyingine inayoishia mahali ambapo mhusika anahitaji msaada wa watu walewale aliowadharau, huku watu hao wakiwa hatua chache tu, wakizungumza kuhusu wema.

Mimi huwa namwazia akiita. Kwa sauti kubwa, na kwa jina alilojipa mwenyewe.